Goti Halina Haraka: Hotuba kwa Makocha, Wachezaji na Wazazi

Hotuba hii ilitolewa mbele ya makocha, wachezaji na wazazi wa wanamichezo chipukizi. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria. Picha zilizoonyeshwa ukumbini zimeachwa.

Ndugu mwenyekiti, makocha, wachezaji, wazazi mlioambatana na watoto wenu, na wenzangu wa tiba na wa mazoezi ya viungo: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii, na nawashukuru zaidi kwa kuitoa siku ambayo wengi wenu mngependa kuwa uwanjani.

Mimi ni daktari wa upasuaji wa mifupa na viungo. Pengine mlitarajia kwamba mtu wa kazi yangu angekuja kuusifu upasuaji, aonyeshe vifaa vyake na kuhesabu magoti aliyoyatengeneza. Sitafanya hivyo, ingawa kazi yangu naipenda. Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya muda. Katika magoti mengi niliyoyaona yakiumia mara ya pili, na mara nyingine ya tatu, kilichoyaumiza mara hiyo ya pili ni haraka: haraka ya mchezaji kuinuka na kuendelea kucheza, haraka ya familia kutaka apasuliwe, na haraka ya kila mtu kumtaka arudi kikosini. Hii ya mwisho ndiyo inayonisumbua zaidi, na ndiyo nitakayokaa nayo kwa kirefu.

Kwanza tukumbushane goti ni nini. Goti limewekwa kati ya mifupa miwili mirefu kuliko yote mwilini, fupa la paja juu na muundi chini, na kwa mbele limefunikwa na kilegesambwa. Nyonga ina usalama wake wa kuzaliwa, kwa maana kichwa cha fupa la paja kimezama ndani ya shimo la mfupa unaokipokea. Goti halina shimo. Ncha ya fupa la paja ni ya mviringo, na uso wa muundi inaokaa juu yake ni karibu bapa. Kinachozuia mifupa hiyo isiteleze, basi, ni ligamenti zinazoifunga, misuli inayoivuka, na vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga, vinavyoitwa meniskasi, ambavyo hutandaza uzito wa mwili na kuulinda uso wa mifupa.

Katikati kabisa ya goti kuna ligamenti mbili zinazopishana. Ile ya mbele ndiyo ambayo watangazaji wa mpira huitaja kwa herufi tatu, ACL. Urefu wake ni sentimita 3 hivi, na upana wake ni kama sentimita 1. Kazi yake ni kuzuia muundi usichomoke kwenda mbele na kuzuia goti lisijizungushe kupita kiasi. Sentimita 3 tu, lakini zimekatisha misimu mingi.

Sasa nawauliza: ligamenti hiyo hukatikaje? Nikiuliza swali hili, watu wengi hunijibu kwamba mchezaji amekanyagwa, amepigwa kwanja, au ameangukiwa na beki. Yapo majeraha ya namna hiyo, lakini si mengi kama mnavyodhani. Katika majeraha mengi ya ACL, takribani 7 kati ya kila 10, hakuna mtu aliyeligusa goti. Mchezaji anakimbia, anasimama ghafla, anapiga chenga au anatua kutoka hewani. Mguu umeganda chini, goti limenyooka karibu lote, kisha linaangukia ndani huku mwili ukigeukia upande mwingine. Watafiti waliochunguza picha za video za matukio haya wamekadiria kwamba ligamenti hukatika takribani milisekunde 40 baada ya mguu kugusa ardhi. Ni muda mfupi kiasi kwamba akili haiwezi kuona hatari na kuuamuru msuli usaidie. Msuli uwe umekwisha kufundishwa kabla, au usiwe.

Nitawapa kisa cha msichana mmoja mchezaji wa mpira wa kikapu. Jina lake na timu yake si vya kutajwa hapa. Aliruka kudaka mpira, akatua kwa mguu mmoja, akasikia kitu kikilia ndani ya goti, na mchezaji aliyekuwa karibu naye akakisikia pia. Akaketi chini. Akapuliziwa dawa ya baridi, goti likavutwa na kunyooshwa, akaambiwa ameteguka kidogo, akarudi kucheza. Baada ya dakika chache goti likamlegea tena na akatolewa nje. Jioni ile lilikuwa limevimba hata kilegesambwa hakionekani. Wiki iliyofuata uvimbe ukaanza kushuka, maumivu yakapungua, akawa anatembea vizuri, na watu wote wakafurahi. Alipoanza tena mazoezi na timu, goti lilimwachia katika kugeuka kwa kawaida kabisa, na safari hii likakwama: halikunyooka wala halikukunjika. Alipofika kwangu, ligamenti ilikuwa imekatika tangu siku ya kwanza, lakini meniskasi ilichanika siku ile ya pili. Meniskasi ile ingeweza kubaki nzima.

Ndugu zangu makocha, kisa hiki kinafundisha kitu ambacho ningependa mkiandike. Maumivu kuisha na goti kupona ni mambo mawili tofauti. Nyuzi za fahamu hutulia, uvimbe hushuka, mtu hutembea na hata hukimbia moja kwa moja bila shida, kwa sababu kukimbia moja kwa moja hakuhitaji sana ligamenti hiyo. Shida huja siku ya kugeuka.

Ziko dalili tatu ambazo hamhitaji kuwa madaktari kuzitambua. Mchezaji amesikia au amehisi mlio ndani ya goti. Goti limevimba ndani ya saa chache, si kesho yake, kwa sababu uvimbe wa haraka mara nyingi ni damu iliyomwagika ndani ya kiungo. Na mchezaji anasema goti halimbebi. Ukiona hata moja kati ya hizo, mchezo wake umekwisha kwa siku hiyo, hata kama ni fainali na hata kama yeye mwenyewe analia akitaka kurudi. Mtoe, mfunge bandeji isiyobana mno, muwekee barafu iliyozungushiwa kitambaa, mwinulie mguu, na asilikanyagie goti mpaka lipimwe. Msimchue, msimkande kwa maji ya moto, na tafadhali msilivute. Kuna kundi la watu katika kila uwanja wanaoamini kwamba kila goti lililoumia limehama na linahitaji kurudishwa kwa kuvutwa. Sijui imani hiyo ilitoka wapi, lakini kazi yake imenifikia mezani mara nyingi.

Goti lililohama kweli ni jambo jingine, na ni la dharura. Mifupa miwili ikiachana kabisa, mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma ya goti unaweza kujeruhiwa. Mguu ulio chini ya goti ukikosa damu kwa zaidi ya saa 6 hadi 8, hatari ya kuupoteza ni kubwa mno. Mguu ukiwa baridi, ukapauka, au vidole vikafa ganzi baada ya jeraha la goti, msisubiri eksirei ya kesho. Mpelekeni hospitali kubwa saa ileile.

Nimetaja eksirei, na hapo pana jambo linalowapotosha watu. Mzazi huja na picha akaniambia, "Daktari, tumepiga picha, hakuna tatizo." Eksirei huonyesha mifupa, lakini ligamenti na meniskasi hazionekani humo. Kipimo cha MRI ndicho kinachozionyesha, na hata kabla ya hicho, mikono ya daktari aliyezoea inaweza kugundua mengi. Kuna kipimo kinachoitwa Lachman, kwa jina la daktari wa Philadelphia, kilichoelezwa katika maandishi ya kitabibu mwaka 1976: goti hukunjwa kidogo, paja likashikwa kwa mkono mmoja, muundi ukavutwa mbele kwa mkono wa pili. Ligamenti nzima husimamisha mvuto huo ghafla. Iliyokatika haina kituo. Hakihitaji umeme wala mashine.

Sasa tuje kwenye haraka ya pili. Mchezaji amepimwa, majibu yametoka, ligamenti imekatika. Swali la kwanza la familia huwa: atapasuliwa lini? Huwa natamani swali liwe: je, anahitaji kupasuliwa?

Taaluma yetu yenyewe imejifunza kwa gharama juu ya jambo hili, na gharama hiyo waliilipa wagonjwa. Chukueni meniskasi. Mwaka 1897 daktari wa upasuaji wa Uingereza, John Bland-Sutton, aliziandika kuwa ni masalia ya misuli yasiyo na kazi. Kwa mtazamo kama huo, kwa miaka mingi meniskasi iliyochanika iliondolewa yote, na mgonjwa akaenda zake akiwa hana maumivu. Mwaka 1948 Fairbank, naye wa Uingereza, akachapisha picha za eksirei za magoti yaliyoondolewa meniskasi, akaonyesha kwamba nafasi ya kiungo ilikuwa imepungua na mifupa ilikuwa imeanza kubadilika umbo. Kile kilichoitwa masalia kilikuwa kinabeba mzigo! Leo, tukimkuta kijana mwenye meniskasi iliyochanika mahali penye damu ya kutosha, tunaishona, hata kama kuishona kutamweka nje kwa miezi mingi kuliko kuikata. Wachezaji hawalipendi jibu hilo, kwa sababu aliyekatwa kipande kidogo anaweza kurudi baada ya wiki kadhaa. Mimi hulisisitiza, kwa kuwa mchezaji ana miaka 20 na goti linatakiwa kumfikisha 70.

Na si kila mchaniko unaohitaji kisu. Mwaka 2013 watafiti wa Finland walitoa matokeo ya wagonjwa 146 wenye umri wa miaka 35 hadi 65, ambao meniskasi zao zilikuwa zimechanika kwa kuchakaa. Nusu yao walikatwa sehemu iliyochanika. Wengine walifanyiwa upasuaji wa bandia, yaani waliingizwa chumba cha upasuaji, goti likachunguzwa, na meniskasi ikaachwa ilivyo. Baada ya mwaka mmoja makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa maumivu wala kwa uwezo wa goti. Wazazi mlio hapa, na makocha mnaokimbia na vijana hali mmepita 40, utafiti huu unawahusu ninyi kuliko watoto wenu.

Kwa upande wa ACL, uko utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010. Vijana watu wazima 121, wanamichezo lakini si wa kulipwa, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji mapema pamoja na mazoezi ya tiba. Kundi la pili lilianza na mazoezi, na upasuaji ukabaki kuwa akiba kwa atakayeuhitaji. Baada ya miaka 2 hali za makundi hayo, kwa maelezo ya wagonjwa wenyewe, zilikuwa sawa. Katika kundi la pili, watu 23 kati ya 59 walikuwa wamepasuliwa. Kufikia mwaka wa 5 walikuwa 30. Hebu tuwe makini tunavyousoma utafiti huu. Hausemi kwamba upasuaji haufai kitu, kwa sababu nusu ya waliosubiri hatimaye waliuhitaji. Unasema kwamba nusu nyingine waliishi na kucheza bila huo, na kwamba aliyesubiri kwa mpango mzuri hakupoteza.

Nani basi apasuliwe? Yule ambaye mchezo wake ni wa kugeuka, kuruka na kusimama ghafla na anataka kuurudia kwa kiwango kilekile. Yule ambaye goti linaendelea kumwachia hata baada ya mazoezi ya dhati. Yule mwenye meniskasi ya kushonwa au ligamenti zaidi ya moja zilizokatika. Na yule ambaye goti limekwama, huyo hasubirishwi sana. Mwendesha baiskeli, mwogeleaji na mkimbiaji wa njia iliyonyooka wanaweza kuendelea na maisha yao ya michezo bila ligamenti ile, mradi misuli iwe imara.

Hata aliyeamuliwa kupasuliwa hahitaji kupasuliwa kesho. Nilimtibu kijana mmoja anayecheza nafasi ya kiungo, aliyeletwa na baba yake siku chache baada ya kuumia. Baba alikuwa amekwisha kupanga kila kitu, hata tarehe ya mwanawe kurudi uwanjani, na alitaka upasuaji wiki hiyohiyo. Goti lilikuwa limevimba, halinyooki, na msuli wa mbele ya paja ulikuwa umelala kabisa. Nikampeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia badala ya chumba cha upasuaji, na baba akaondoka amenuna. Tulikuwa na sababu: goti linalopasuliwa likiwa bado limevimba na kukakamaa lina hatari kubwa zaidi ya kuota makovu ndani na kubaki gumu, na ni afadhali mchezaji mwenye goti lililolegea kuliko yule asiyeweza kulinyoosha goti lake. Kijana alirudi baada ya wiki kadhaa akitembea bila kuchechemea, goti likinyooka lote, paja limeamka. Hapo ndipo tukampasua. Baba alikuja kuniambia kwamba wiki zile zilikuwa ngumu kwake kuliko kwa mtoto, na naamini alisema kweli.

Upasuaji wenyewe nitaupitia kwa ufupi, maana wengi mnauogopa bila sababu na wachache mnautukuza bila sababu. Mgonjwa hupewa nusu kaputi au ganzi ya uti wa mgongo. Hatufungui goti lote. Tunapitisha kamera nyembamba na vyombo vyake kwenye matundu madogo, njia ambayo mizizi yake iko Japani: Kenji Takagi alilichungulia goti la maiti kwa darubini ya kibofu mwaka 1918, na Masaki Watanabe akaondoa sehemu ya meniskasi kwa njia hiyo mwaka 1962. Ligamenti iliyokatika kwa kawaida hatuiungi, kwa kuwa mara nyingi haishiki; majimaji ya goti huzuia damu kuganda na kuziunganisha ncha zake. Badala yake tunachukua sehemu ya kano ya mgonjwa mwenyewe, ama ya chini ya kilegesambwa, ama ya nyuma ya paja, ama ya juu ya kilegesambwa, tunatoboa njia katika fupa la paja na muundi, tunaipitisha na kuifunga. Kwa watoto ambao bado wanakua tunakuwa waangalifu zaidi, kwa sababu tundu likipita vibaya katika sehemu ya mfupa inayorefuka linaweza kuuharibu ukuaji wa mguu. Kazi yote huchukua saa moja au mbili. Mgonjwa anaamka, picha inapigwa, jamaa wanapongezana.

Je, amepona? La. Amepona? Hapana, hata kidogo. Ameanza.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwani ndipo haraka ya tatu inapozaliwa. Kano tuliyoipandikiza imekatwa kutoka kwenye damu yake. Inapowekwa ndani ya goti haina mshipa unaoilisha. Ni kama mche uliong'olewa na kuhamishiwa shamba jingine: hunyauka kwanza ndipo ushike mizizi. Chembe zake nyingi hufa, mishipa mipya ya damu huingia polepole, chembe mpya huhamia, na nyuzi hujipanga upya kufuata mvuto. Katika wiki za mwanzo, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, kipandikizi huwa dhaifu kuliko kilivyokuwa siku ya upasuaji. Kazi ya kukigeuza kuwa kitu kinachofanana na ligamenti huendelea kwa mwaka mzima na zaidi.

Sasa linganisheni na hali ya mchezaji. Wiki ya 12 anajisikiaje? Vizuri sana! Hana maumivu, uvimbe umekwisha, ameachana na magongo tangu zamani, anapanda ngazi, ameanza kukimbia taratibu, na anawatazama wenzake wakicheza. Yaani anapata ujasiri wote wakati ambao kipandikizi ndiyo kwanza kinaanza kujenga nguvu. Mimi sijui mtego mwingine katika tiba ya michezo uliotegwa kwa ustadi kama huu.

Watafiti wa Norway walichapisha mwaka 2016 matokeo ya wagonjwa 106 waliofanyiwa upasuaji wa ACL. Waligundua kwamba kila mwezi mmoja ambao mchezaji alichelewa kurudi, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza uwezekano wa kuumia tena goti kwa takribani nusu. Wakawalinganisha pia waliofaulu vipimo vyote vya kurudi na waliorudi bila kuvifaulu: waliofaulu walioumia tena walikuwa chini ya 6 katika kila 100, na wasiofaulu walikuwa 38. Mapitio mengine ya tafiti yaliyotolewa mwaka huohuo yalionyesha kwamba kati ya wanamichezo wenye umri chini ya miaka 25 waliorudi kwenye mchezo, karibu mmoja kati ya wanne aliumia ACL tena, ama kwenye goti lilelile au kwenye lile la pili. Ndiyo, na lile la pili, ambalo halikuwa na kosa.

Mnakumbuka kisa cha Ronaldo, yule wa Brazil? Jeraha lake halikuwa la ACL bali la kano ya chini ya kilegesambwa, lakini goti ni goti. Aliumia Novemba 1999 akiwa Inter Milan, akapasuliwa. Tarehe 12 Aprili 2000 akaingizwa katika fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio, na dakika chache tu baadaye, akiwa na mpira mguuni na bila kuguswa na mtu, kano ile ikakatika kabisa. Sikuwa miongoni mwa waliomtibu, na mtu asiyemshika mgonjwa hana haki ya kuwahukumu waliomshika. Ninalolijua ni lililofuata: alikosa msimu wote wa 2000 hadi 2001, akajengwa upya kwa uvumilivu mkubwa, na mwaka 2002 akafunga mabao 8 katika Kombe la Dunia, mawili kati yake kwenye fainali dhidi ya Ujerumani. Wengi husimulia kisa hiki kama muujiza. Mimi husimulia ile miezi ambayo hakuna aliyempigia picha.

Mwangalieni na Alexia Putellas wa Hispania. ACL yake ilikatika Julai 2022, siku moja kabla ya mashindano ya Ulaya kuanza, naye akiwa ameshika tuzo ya mchezaji bora wa dunia. Alirudi uwanjani mwishoni mwa Aprili 2023, karibu miezi 10 baadaye. Kombe la Dunia mwaka ule lilimkuta kikosini, na Hispania ikalitwaa. Kama kuna mchezaji ambaye kila mtu alikuwa na sababu ya kumharakisha, ni yeye.

Vipimo vya kurudi ni vipi? Miezi isipungue 9, na kwa wadogo mimi hupenda izidi. Nguvu ya misuli ya paja ifikie angalau asilimia 90 ya ile ya mguu usioumia, ipimwe kwa kifaa na si kwa macho. Kuruka kwa mguu mmoja, mara moja, mara tatu mfululizo na kwa kukatisha mstari, kufikie kiwango hichohicho. Goti lisivimbe siku inayofuata mazoezi mazito. Na akili iwe tayari. Kuna kipa mmoja aliyefaulu vipimo vyote vya mwili, nikawa nimeshika kalamu kusaini, mtaalamu wake wa mazoezi akaniomba nimtazame akitua. Kila alipodaka mpira wa juu alitua kwa mguu usio na kovu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na mwenyewe hakujua. Tulimpa muda zaidi, tukaanza na mipira ya chini, kisha ya kifuani, kisha ya juu bila mshindani, mpaka mguu ule ukaaminiwa tena. Woga ule ni sehemu ya jeraha, na kocha anayemwita mchezaji wa namna hiyo mwoga anaongeza jeraha juu ya jeraha.

Wachezaji, nataka pia mjue ukweli ambao hauwekwi kwenye mabango ya hospitali. Mapitio makubwa ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba kati ya waliopasuliwa ACL, 81 katika kila 100 walirudi kwenye mchezo wa aina fulani, 65 walirudi kwenye kiwango chao cha zamani, na 55 walirudi kwenye mashindano. Na takribani nusu ya wanaopata jeraha hili hupata dalili za kuchakaa kwa goti miaka 10 hadi 20 baadaye, wawe wamepasuliwa au la. Sisemi haya kuwavunja moyo. Nasema kwa sababu anayeahidiwa goti jipya hatafanya mazoezi kama anayejua analinda goti lililojeruhiwa.

Limebaki jambo moja, na hili ni la makocha. Jeraha bora kulitibu ni lile lisilotokea. Mwaka 2008 kulichapishwa utafiti wa Norway uliohusisha wasichana wanasoka 1,892 wa umri wa miaka 13 hadi 17. Timu za kundi moja zilipewa utaratibu maalumu wa kupasha misuli joto, ule ambao leo unajulikana kama FIFA 11+: kukimbia, kuimarisha tumbo na mgongo, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa, kuruka na kutua kwa usahihi. Unachukua dakika 20 hivi na hauhitaji kifaa zaidi ya mpira. Kwa msimu mmoja, majeraha makubwa yalipungua karibu nusu. Nimesema wasichana kwa makusudi, kwani katika michezo ileile wao hupata jeraha la ACL mara 2 na zaidi kuliko wavulana, na bado timu zao ndizo mara nyingi zinazopewa uwanja mbovu, muda mfupi na mtaalamu wa mazoezi asiyekuwapo. Hiyo si dosari ya magoti yao.

Makocha wengi huuanza utaratibu huu kwa bidii, kisha mechi ikikaribia wanaufupisha, na wiki ya tatu umebaki kuwa kuzunguka uwanja mara mbili. Faida yake inakuja kwa anayeufanya kila wiki, msimu mzima. Misuli haina kumbukumbu ya mazoezi uliyokusudia kuyafanya.

Tumebakiwa na muda wa maswali, kisha tutatoka nje. Nimewaomba vijana waliovaa viatu vya michezo wabaki, ili makocha wawatazame wakiruka kutoka kwenye benchi na kutua kwa miguu miwili, halafu kwa mmoja, na waangalie jambo moja tu: goti linakwenda juu ya kidole cha pili cha mguu, au linaangukia ndani? Kila kocha aandike majina ya wale ambao goti linaangukia ndani, kwa kuwa hao ndio wa kuanza nao kesho. Na katika maswali, naomba mwenyekiti awape wachezaji nafasi ya kwanza, kwani katika mikutano ya namna hii wazazi na makocha huumaliza muda wote, na mwenye goti huondoka hajasema neno.